Mbwa wa Safari na Mbwa wa Boma

Mimi ni daktari wa mifugo katika mji wa Kakamega. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni ng'ombe, kama ilivyo kwa wenzangu wengi wa Magharibi: ng'ombe aliyeshindwa kuzaa huko Malava, ndigana kule Navakholo, kiwele kilichovimba hapa Lurambi. Lakini iko kazi nyingine ambayo imekuja kuchukua nafasi kubwa moyoni mwangu, nayo ni kuwaandaa mbwa wanaosafiri nje ya nchi pamoja na wenyewe.

Wanaonijia ni watu wa kila aina. Kuna wauguzi waliopata kazi Uingereza na Ujerumani, familia zinazohamia Marekani, na wageni waliokuja kufanya utafiti katika Msitu wa Kakamega, wakafuga mbwa hapa, na sasa wanarudi kwao. Karibu wote hufika na ombi lile lile: "Daktari, naomba barua ya mbwa, nasafiri mwezi ujao." Nami hulazimika kuwaambia ukweli kwamba wao watasafiri mwezi ujao, ila mbwa hatasafiri.

Wengine hukasirika, wakadhani ni urasimu wa wazungu au ujanja wa daktari anayetaka pesa. Kwa hiyo naandika kueleza chanzo cha ugumu huo. Chanzo hakiko ubalozini wala kwenye shirika la ndege. Kiko hapa kwetu, kwenye maboma ya Shinyalu, Butere na Ikolomani, kwa maelfu ya mbwa wanaolinda kuku na mahindi ambao hawajawahi kuonja sindano ya kichaa cha mbwa. Mbwa wa safari anafungiwa mlango kwa sababu ya mbwa wa boma. Na sindano itakayomfungulia ni ile ile inayomwokoa mtoto wa jirani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate kugusa kidonda, macho au mdomo. Kutoka hapo hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au ikapita mwaka. Muda wote huo mbwa anakula, anacheza na kutikisa mkia. Dalili zikishatokea, iwe kwa mnyama au kwa mtu, mwisho wake karibu kila mara ni kifo. Hospitali haina dawa ya kuurudisha nyuma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Watoto walio chini ya miaka 15 ni kama wanne katika kila watu kumi wanaoumwa. Hapa Kenya, kumbukumbu za kwanza ni za mwaka 1912, mbwa mmoja katika viunga vya Nairobi. Binadamu wa kwanza kuandikwa ni mwanamke wa kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1928. Kwa hiyo si jambo geni kwa watu wa upande huu. Babu zetu waliufahamu, na sisi bado tunazika watu kwa sababu yake.

Sasa nieleze safari ya mbwa mmoja, maana ndani yake sheria zote zinaonekana.

Mama mmoja, muuguzi, alinijia na mbwa wake jike wa rangi ya kahawia. Alikuwa amepata mkataba wa kazi Ujerumani, na mwanawe alikuwa amekataa katakata kumwacha mbwa. Mama alinikabidhi kadi ya chanjo iliyotunzwa vizuri ndani ya bahasha: chanjo za mfululizo, kila moja na stika ya chupa na sahihi.

"Daktari, si hii inatosha?"

"Umemtunza vizuri sana, mama. Hebu tumpitishie mashine kwanza."

Nikapitisha mashine ya kusomea shingoni, mabegani, hadi ubavuni. Haikulia. Mbwa hakuwa na chipu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi. Chipu hutangulia, au huwekwa siku ile ile kabla ya sindano ya chanjo. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kadi inasema kuna mbwa wa kahawia aliyechanjwa Kakamega, lakini mbwa wa kahawia ni wengi. Bila namba iliyo ndani ya mwili wake, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba aliyechanjwa ndiye huyu aliyesimama uwanjani. Ndiyo maana chanjo zote zile za mama, ambazo zilikuwa zimemlinda mbwa kweli kweli, hazikumfaa kitu mpakani.

Nikamweka mezani. Kijana akamshika kichwa akimnong'oneza. Nikasafisha ngozi ya shingo upande wa kushoto kwa spiriti, nikaiinua kwa vidole viwili, nikaingiza sindano nene yenye chipu ya ukubwa wa punje ya mchele. Mbwa alishtuka kidogo akatulia. Nikapitisha mashine tena, na safari hii ikalia: tarakimu 15 kwenye kioo. Nilimwomba mama azisome kwa sauti huku mimi nikiandika, kisha nikazisoma mimi naye akihakiki. Mimi hufanya hivyo kila mara, kwa kuwa tarakimu moja ikipinduka kati ya kadi, fomu ya maabara na cheti cha serikali, mbwa huyo atakuwa mbwa mwingine mbele ya ofisa wa Frankfurt.

Ndipo nikamchanja. Chanjo hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ikilala kwenye joto la duka au ikaganda barafu, unachomchoma mbwa ni maji tu. Nikabandika stika ya chupa yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, nikaandika siku, nikatia sahihi na muhuri.

Mama akauliza, "Sasa tunaweza kukata tiketi?"

Nikamweleza yaliyobaki. Kwa kuwa Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inaziamini kuhusu ugonjwa huu, mbwa wa Kenya lazima apimwe damu. Tunasubiri angalau siku 30 baada ya chanjo ili mwili utengeneze kingamwili za kutosha. Kisha natoa damu kwenye mshipa wa mguu wa mbele, naiacha igande, naizungusha kwenye mashine hadi seramu ya manjano ijitenge juu, na seramu hiyo inasafirishwa ikiwa baridi hadi maabara iliyoidhinishwa. Maabara za namna hii ni chache duniani. Ile ya rejea ya Ulaya iko Nancy, Ufaransa, na nyingine inayojulikana sana iko Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani. Wanachotafuta ni kiwango cha kingamwili kisichopungua 0.5 ya yuniti za kimataifa kwa kila mililita. Chini ya hapo, unachanja upya na kupima upya.

Hata majibu yakiwa mazuri, bado kuna miezi mitatu ya kungoja, inayohesabiwa kutoka siku damu ilipotolewa. Hapa ndipo watu hunikatiza: kama kipimo kimeonyesha kinga ipo, tunangoja nini tena? Jibu liko kwenye ile safari ya virusi mishipani. Mbwa anaweza kuwa aliumwa siku chache kabla ya kuchanjwa. Kinga itaonekana kwenye damu, huku virusi vimeshapita na vinapanda kuelekea ubongoni. Miezi mitatu inampa mbwa wa namna hiyo muda wa kuugua akiwa huku huku, kabla hajapanda ndege.

Jumlisha mwenyewe: siku 30, miezi mitatu, na siku za sampuli kusafiri. Mwisho wake kuna cheti cha afya kinachotolewa na daktari wa mifugo wa serikali, na mbwa lazima awe ameingia Ulaya ndani ya siku 10 tangu kitolewe. Kwa mtu wa Kakamega hiyo maana yake ni barabara hadi Nairobi, kwa Idara ya Huduma za Mifugo, mbwa akiwa tayari na sanduku lake. Mama yule alitangulia kazini. Mbwa alibaki Mumias pamoja na kijana, kwa nyanya yake, na wakati wa likizo mama akarudi kuwachukua wote wawili. Walifika salama.

Nchi nyingine hutofautiana kidogo. Uingereza, ambayo ilikuwa imeutokomeza ugonjwa huu kwa mbwa kufikia mwaka 1922 na kwa miongo mingi ikawafungia mbwa wageni karantini ya miezi sita, sasa hufuata mpango unaofanana na huu wa Ulaya. Huongeza dawa ya minyoo tegu, ambayo daktari humpa mbwa kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika, naye husafirishwa kama mzigo kwenye njia zilizoidhinishwa. Australia haipokei mbwa moja kwa moja kutoka Kenya, sharti apitie kwanza nchi ambayo Australia inaikubali.

Marekani ilibadilisha sheria tarehe 1 Agosti 2024. Kila mbwa anayeingia lazima awe na angalau umri wa miezi sita, awe na chipu inayosomeka na fomu iliyojazwa kwenye mtandao wa kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa hapa lazima awe na fomu ya chanjo na chipu iliyoidhinishwa na daktari wa serikali, awekewe nafasi kwenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa, na atue kwenye uwanja wenye kituo hicho. Asipokuwa na kipimo cha damu kinachokubalika, atafungiwa siku 28 kwa gharama ya mwenyewe.

Ukali huo ulichochewa kwa sehemu na karatasi za uongo. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba imeitokomeza aina ya virusi inayoenezwa na mbwa. Kisha mbwa wakaanza kuletwa na vyeti vilivyoghushiwa au visivyokamilika, na Julai 2021 ikasimamisha uingizaji wa mbwa kutoka zaidi ya nchi 100, Kenya ikiwamo. Mwenye karatasi halali aliumia pamoja na mwenye karatasi ya kununua.

Nalisema hili kwa sababu na mimi huombwa. "Daktari, rudisha tarehe nyuma kidogo tu. Mbwa ni mzima, unamwona." Jibu langu ni hapana, kwa jirani, kwa mheshimiwa, kwa mtu wa kanisa langu. Anayeniomba hivyo haniombi nimsaidie mbwa. Ananiomba niwaambie watu wa nchi nyingine kwamba mtoto wao anaweza kumkumbatia mnyama ambaye mimi sijui kama ni salama. Daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya anatia sahihi kwa niaba ya nchi nzima, na sahihi moja ya uongo huwafungia njia wengi wanaokuja nyuma.

Lakini tukishamaliza kulalamikia Ulaya na Marekani, tujiulize: kwa nini tumo kwenye orodha hizo? Tumo kwa sababu ugonjwa bado unatembea vijijini mwetu. Nimeuona kwa macho yangu.

Niliitwa boma moja upande wa Ikolomani kumtazama mbwa "aliyekwamwa na mfupa." Nilimkuta nyuma ya jiko, amefungwa kwa kamba ya katani kwenye mti wa mparachichi. Taya la chini lilikuwa limelegea, ulimi umening'inia, mate marefu yakidondoka kwenye vumbi, na alipojaribu kubweka ilitoka sauti nzito kama ya mnyama mwingine. Mzee wa boma alikuwa anakunja mkono wa shati, tayari kuutia mkono wake mdomoni autoe mfupa. Nilimwita kwa nguvu, "Mzee, simama hapo hapo!" Mfupa haukuwapo. Kichaa cha mbwa kina sura mbili: mbwa mkali anayeuma kila kitu, na mbwa huyu, aliyepooza koo na taya asiweze kumeza. Wa pili ndiye anayewahadaa watu wema, kwa kuwa humwonea huruma wakamsogelea.

Sampuli ya ubongo ilipopimwa ilithibitisha nilichohofia. Watoto wa boma walikuwa wamemlisha kwa mikono siku zile. Tuliwaosha wote waliokuwa na mikwaruzo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukawapeleka hospitali kuchanjwa, na familia ikauza mbuzi kukamilisha sindano. Wote wazima hadi leo. Mbwa yule hakuwahi kuchanjwa maishani mwake, ilhali sindano yake ingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mbuzi yule.

Kwa hiyo siku ninazozipenda kuliko zote ni siku za kuchanja kwa pamoja. Tunaweka meza kwenye uwanja wa shule ya msingi, Shinyalu au Malinya, karibu na mti wenye kivuli. Chifu ametangaza, na kanisani imesomwa. Watoto ndio wanaoleta mbwa, maana ndio wanaojulikana nao: huyu kamfunga kwa kamba ya ng'ombe, yule kwa mkanda wa shule, mwingine kambeba mgongoni. Kila mbwa anapigwa sindano, anapakwa rangi kichwani ili tumtambue, na mtoto anapewa kadi. Nawaambia wote maneno yale yale: peleka kadi kwa mama, aiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufifia. Lakini mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi, na watoto wa mbwa huzaliwa kila msimu, kwa hiyo kinga ya eneo hushuka haraka. Kampeni ya mwaka mmoja ikifuatwa na miaka mitatu ya kimya ni kazi iliyopotea. Kenya ilijiwekea mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kati ya 2014 na 2030. Tangu ugatuzi wa 2013, huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, na kwa hiyo bajeti ya chanjo ya mbwa wa Kakamega inaamuliwa hapa hapa Kakamega. Mwakilishi wako wa wadi akija kuomba kura, mwulize kuhusu chanjo ya mbwa kama unavyomwuliza kuhusu barabara.

Kwamba inawezekana, tunao ushahidi wa Waswahili wenyewe. Kisiwani Pemba, chanjo ya mbwa iliufikisha ugonjwa huu mwisho mwaka 2014. Chanjo zikalegea, na mwaka 2016 virusi vikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wakaumwa tena. Kampeni zikarudishwa kwa bidii, na kufikia 2018 ugonjwa ukawa umekomeshwa tena. Pemba imetufundisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba mbwa wetu wakichanjwa ugonjwa unakwisha, na kwamba mnyama mmoja mgonjwa akivuka maji anaweza kuubomoa ushindi wa kisiwa kizima. Ukilielewa la pili, hutawaonea wivu wala chuki Wajerumani wanaomdai mbwa wako damu na miezi mitatu. Wanalinda kile ambacho Pemba ilikipata kwa jasho.

Sasa neno kwa wasomaji.

Kama unafikiria kusafiri na mbwa, anza angalau miezi sita kabla, hata kabla ya kupata viza. Chipu kwanza, chanjo baadaye, na mbwa asiwe chini ya wiki 12. Usikubali kadi isiyo na stika ya chupa na namba ya chipu. Ukishapata majibu mazuri ya damu kwa ajili ya Ulaya, rudia chanjo kabla ya tarehe yake kuisha kila mara, maana mfululizo ukikatika hata kwa siku moja utaanza upya na kipimo. Na wewe mgeni unayekuja Kakamega na mbwa kutoka Ulaya, mpime damu kabla ya kuondoka kwenu, naye ataweza kurudi bila kungojea miezi mitatu.

Kama husafiri popote, wewe ndiye ninayekuhitaji zaidi. Mchanje mbwa wako akifikisha miezi mitatu, umrudie kila mwaka, na uitunze kadi. Mbwa akimuuma mtu, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi dakika 15. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usikatize sindano kwa sababu kidonda kimepona. Usimuue mbwa haraka ukamfukia. Kama anaweza kufungwa kwa usalama, mfunge na utuite. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku 10, na kwa kumchunguza tutajua.

Siku Kakamega, Bungoma, Vihiga na kaunti nyingine zote zitakapokuwa zimechanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka, watoto wetu hawatakufa kwa ugonjwa huu, na Kenya itaweza kudai iondolewe kwenye orodha hizo ikiwa na ushahidi mkononi. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini usiingojee. Wiki hii, mpeleke mbwa wako akachanjwe.